Shangazi wa Ujerumani

Daday, 12 Septemba 1973

Wifi yangu Munire,

Pokea salamu zangu na za Hilmi, na za huyu binti yako aliyekaa mezani hapa akinisukuma kiwiko. Ukiona mistari imepinda, si mimi.

Barua yako ya kusema huji imefika. Hilmi aliisoma mara moja, akaitia kabatini, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Unamjua shemeji yako. Kiwanda kikikataa kukupa ruhusa, utafanya nini? Ila godoro la chumba chako, chako na marehemu kaka yangu Rasim, nilikuwa nimelianika juani siku tatu. Nimelirudisha.

Haya, habari za Ipek. Jozi za ule mti wa uani zimeiva, na wiki hii tumeziangusha. Hilmi juu ya mti na fimbo ndefu, sisi wawili chini tumetandaza shuka. Nikamwambia, mwanangu, usimenye lile ganda la kijani kwa mikono, litakutia rangi. Kugeuka, mikono ni myeusi mpaka vifundoni, mashavu nayo, na goti moja, sijui jozi zilifikaje gotini. Nikamsugua kwa sabuni. Nikamsugua kwa majivu, kisha siki. Rangi haitoki. Akanitazama navyohangaika, akasema, "Acha tu. Itaota mingine."

Anakula vizuri. Kitasa cha mlango wa jikoni sasa anakifikia bila kuchuchumia. Anakuulizia kila siku.

Wifi yako,
Nazmiye


Stuttgart, 25 Septemba 1973

Wifi Nazmiye,

Barua yako niliisomea kwenye basi, nikapitiliza kituo. Nilitembea nusu saa kurudi, mvua inaninyeshea, na nilikuwa nacheka peke yangu kwa sababu ya lile goti. Wazungu wakinitazama.

Hapa majani yameanza kuwa mekundu. Asubuhi tunatoka hosteli kabla jua halijachomoza, jioni tunarudi limeshazama, kwa hiyo naona majani siku ya Jumapili tu. Mchana kutwa naunganisha nyaya za redio. Vidole vyangu vina vialama vya kuungua, na kila nikivitazama nafikiri, vingekuwa vyeusi kwa jozi.

Kuhusu ruhusa, naomba mnisamehe. Msimamizi alikataa. Nilimwomba, akakataa. Ndivyo ilivyokuwa.

Nazmiye, nina swali na usilichukulie vibaya. Katika kila barua natia ukurasa mmoja wa Ipek, mfupi, wa maneno mepesi. Unamsomea? Nauliza kwa sababu hujawahi kuniambia alisema nini baada ya kusomewa. Nilimwandikia kisa cha paka wa hosteli aliyetumbukia kwenye ndoo ya sabuni akakimbia na povu kichwani. Alicheka? Nilimwacha hajatimiza miaka mitatu, mwezi wa tatu atatimiza mitano, na mimi sijui kicheko chake siku hizi kikoje.

Umbusu mikono yake myeusi.

Munire


Daday, 9 Oktoba 1973

Wifi yangu,

Ramadhani imetukuta na baridi. Ipek naye anafunga, usicheke. Anakula daku na sisi, anafunga mpaka adhuhuri, halafu anafuturu kwa mkate na jibini, halafu anafunga tena mpaka magharibi. Anasema kwa siku moja anapata saumu mbili, kwa hiyo yeye ametupita sote. Hilmi amemwambia atamtafutia fatwa.

Unauliza kama namsomea kurasa zako. Namsomea kila neno, wifi. Ya paka alicheka sana.

Jumamosi tulifunga jiko la kuni sebuleni. Unaikumbuka kazi hiyo, bomba kuukuu, masizi, wanaume kupigiana kelele. Hilmi alisimama juu ya kiti, mimi nimeshika bomba kwa chini, Ipek anatoa amri kama jemadari: "Kushoto! Hapana, kushoto kwangu!" Bomba likafunguka, masizi yote yakamwagikia Hilmi. Alibaki na macho mawili tu. Ipek akaanguka chini kwa kucheka, akasema, "Ameiva huyu!"

Baada ya futari tukaliwasha kwa mara ya kwanza mwaka huu. Kestane za kwanza, zile njugu za kuchoma, zimeshuka kutoka msituni, zina ganda nyororo la kahawia, nazichanja kisu mgongoni na Ipek anazipanga juu ya jiko kwa mistari, kubwa mbele, ndogo nyuma, anasema ni darasa. Moja ikalipuka ikaruka hadi kwenye zulia. Akaita, "———, njoo uone, mwanafunzi ametoroka!" (Samahani, wino umemwagika hapo.) Alilala palepale pajani pangu na ganda mkononi.

Matofaa tumeyakata vipande na kuyatunga kwenye uzi, yananing'inia jikoni yote. Anapita chini yake mdomo wazi, anangoja lianguke moja. Ayva, yale matunda ya njano yenye manyoya, zimepangwa dirishani na nyumba nzima inanukia.

Nakuandikia haya ili nawe uyaone. Usiumie.

Nazmiye


Stuttgart, 20 Oktoba 1973

Nazmiye,

Wino haukumwagika. Wino unaomwagika hauna mwanzo na mwisho. Niliishika barua dirishani, mwanga ukapita, na chini ya wino nimesoma neno. Ni "mama".

Sikulaumu. Niliketi kitandani na barua, na jambo la kwanza nililoona moyoni mwangu si hasira, ni aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekudanganya kwanza.

Msimamizi hakukataa. Mwezi wa nane nilipewa wiki tatu. Nilikuwa na tiketi ya treni mpaka Istanbul. Nilinunua mwanasesere, nikamnunulia Hilmi msumeno. Kalliope, yule Mgiriki ninayelala naye chumba kimoja, alinisindikiza mpaka stesheni akanibebea begi. Treni ikaja. Watu wakapanda. Kalliope akaniambia, "Panda wewe, mbona umesimama?" Nikamwambia, "Nisipomtambua je? Asiponitambua?" Akanicheka, akasema, "Mtoto hasahau mama, panda." Treni ikaondoka, na mimi na begi tumebaki.

Wiki tatu zote nililala hosteli. Wenzangu walikuwa kwao. Nilikuwa nanunua mkate na kurudi kulala. Nilikuwa najiambia, akinikimbia akajificha nyuma ya gauni la Nazmiye, nitakufa. Basi nikaona afadhali asinione kabisa. Nimewafanya mkaanika godoro bure, na mtoto kama alikuwa akiningoja, alimngoja mtu aliyekuwa amelala kwenye godoro lake mwenyewe saa nane mchana, hana kazi wala homa.

Sasa niambie kweli. Anajua mimi ni nani?

Munire


Daday, 1 Novemba 1973

Munire,

Idi imepita. Ipek alilala amekumbatia viatu vyake vipya, asubuhi akazunguka mtaa mzima kubusu mikono ya wazee, akarudi na mfuko wa peremende na tumbo linauma. Nimeanza na hayo kwa sababu yanayofuata sijui niyaanze vipi. Hii ni karatasi ya nne; tatu za kwanza nimezitia jikoni zikaungua.

Umeniuliza kweli, nami nakupa. Hajui.

Ukurasa wako wa kwanza nilimsomea, na wa pili. Nilipomsomea wa tatu, ule uliosema "mama atakuja", alivaa viatu akaketi kwenye ngazi ya mlango. Siku nne, Munire. Tunamwingiza, anatoka. Hakula. Usiku wa nne homa ikampanda mpaka akawa ananitazama hanioni. Nikasema, wacha nipumzike kumsomea wiki moja tu, apate nguvu. Wiki ikawa mwezi. Akawa anakula, akawa anaimba. Kurasa zako nyingine ziko sandukuni, kati ya mashuka yangu ya arusi. Hakuna iliyopotea. Ya paka hajaisikia.

Hayo labda ungenisamehe. Ngoja uone mengine. Majira ya theluji yaliyopita namvisha soksi, akaniuliza, "Mimi ni wako?" Ningeweza kusema ni wa mama yako, mimi ninakulea. Maneno yalikuwa mdomoni. Nimeolewa miaka kumi na miwili, hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Wangu." Akasema, "Na yule wa kwenye picha ukutani?" Nikasema, "Huyo ni shangazi yako. Yuko Ujerumani."

Mimi ndiye shangazi, Munire! Mimi, dada wa baba yake, tumbo moja na Rasim. Nilikuvisha jina langu, nikalivaa lako.

Hilmi alikuwa mlangoni.

"Umemwambia nini mtoto?"

"Nimemtuliza."

"Umejituliza wewe."

Hajalirudia tena mpaka leo. Lakini kila makoti unayomtumia yanapofika kwa posta, na mtoto anaruka, "Shangazi wa Ujerumani ameleta!", Hilmi anaweka kijiko chini anatoka nje.

Na barua yako ya mwezi wa nane ilipofika kwamba huji, nilikwenda bandani nikajifungia. Mungu ananiona naandika haya. Nilifurahi. Nilicheka kwa sauti mle bandani peke yangu na ng'ombe. Kisha nikatoka, nikakuandikia kwamba anakuulizia kila siku.

Fanya utakalo. Siombi kitu.

Nazmiye


SIMU YA MAANDISHI
Stuttgart, 12 Novemba 1973

NAFIKA JUMAMOSI STOP USIMWAMBIE KITU STOP NITAMWAMBIA MWENYEWE STOP MUNIRE


Stuttgart, 3 Desemba 1973

Wifi Nazmiye,

Nimefika salama. Treni ilichelewa, theluji ilikuwa imeanguka huko njiani.

Siku tisa tulikaa nyumba moja na hatukuzungumza. Ulinipikia, nikala. Ulinipisha chumba, nikalala. Tukikutana ukumbini kila mmoja akijibanza ukutani kumpisha mwenzake. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo kwa mdomo yalinishinda.

Nilikuja kumchukua. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye pasipoti yangu. Tiketi za kurudi zilikuwa mbili, ziko kwenye bitana ya koti. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno nitakayokwambia, na yalikuwa makali, Nazmiye. Nilikuwa nimeyanoa tangu Munich.

Nilipofungua geti alikuwa uani anafagia majani kwa ule ufagio unaomzidi urefu. Akasimama. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Karibu, shangazi. Mama anakaanga vitunguu, ndiyo maana analia." Akanishika mkono akaniingiza ndani, kwenye nyumba niliyomzalia. Mkono wake ulikuwa wa baridi na una tope, na mimi sikuweza kuusema hata ule mstari wa kwanza.

Basi nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake ulitupeleka kuchuma ayva za mwisho, akanifundisha namna ya kufuta manyoya ya tunda kwa kitambaa. Nikasema Jumatatu. Jumatatu tulirundika majani ya mti wa jozi, akaruka ndani, akaniambia nimfukie. Nikamfukia mpaka kidevuni. Uso wake peke yake ulikuwa nje, kope zina vumbi, na macho yana rangi ya macho ya Rasim. Nikaona sasa ndiyo saa. Nikasema, "Ipek, unajua mimi ni nani?"

"Najua," akasema. "Wewe ndiye unayeleta makoti."

Nikamwongezea majani.

Hukuyajua hayo. Ulikuwa ukitutazama kutoka dirisha la jikoni lakini hukusikia. Nilikaa siku tisa kwenye nyumba yangu kama mgeni, ukinipa kikombe kile kizuri cha wageni, na kila ulipokileta nilitaka kukitupa. Na kila siku nilikuwa naona. Naona anavyolala ameshika sikio lako. Naona unavyojua kabla hajakohoa kwamba atakohoa. Alipoanguka kwenye ngazi nilikuwa karibu yake kuliko wewe, nikanyoosha mikono, akanipita akakimbilia kwako.

Sijakusamehe. Sitaki uniite mwema. Huenda siku moja nitakusamehe, huenda nisikusamehe, sijui. Lakini siwezi kukuita mwizi huku nakumbuka ile stesheni.

Tiketi moja niliirudisha. Kwa nini, sikiliza. Huku angelala hosteli kwa kificho, au ningemwacha kutwa kwa mtu asiyejua, naye hajui hata kuomba maji kwa lugha yao. Ningemwokoa na uwongo wako nikampa upweke wangu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Februari. Serikali ya huku imesimamisha kuleta wafanyakazi, na wote wanasema anayetoka sasa harudi tena. Kalliope ananiita mwendawazimu. Nitatoka. Nakuja kukaa, katika chumba changu, na wewe utabaki katika chako, na yeye atalala anapotaka. Sijui tutaishije. Tutagombana.

Ila kuna kitu kimoja. Niliandika kwenye simu kwamba nitamwambia mwenyewe, na nikashindwa. Nimeshindwa mara mbili sasa, kwenye stesheni na kwenye majani. Mwambie wewe. Mwambie kabla sijafika, kwa mdomo wako, na usimsingizie mtu. Mimi pia usinifiche.

Munire


Daday, 17 Desemba 1973

Munire,

Nimemwambia.

Barua yako ilikaa siku tano mfukoni mwa aproni. Hilmi aliniona naigusa-gusa. Siku ya tano akasema, "Nazmiye, mimi nakwenda karakana. Nikirudi nataka nikute umesema, au nitasema mimi, na mimi nitaharibu."

Tulikuwa tunakata tambi za kuweka akiba, ndiyo tumechelewa mwaka huu. Yeye amesimama juu ya kibao chake, unga mpaka kwenye nyusi. Nikaweka kisu chini.

"Ipek, nilikudanganya."

"Lini?"

"Zamani. Shangazi wa Ujerumani si shangazi yako. Ndiye mama yako. Alikuzaa mle, kwenye chumba cha mwisho, mimi nilikuwa nimemshika mkono. Shangazi ni mimi."

Nilitaka kuongeza maneno nikajizuia.

"Kwa nini ulisema uwongo?"

"Nilitaka uwe wangu."

"Yeye alijua?"

"Alipokuja, alijua."

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa."

"Ananiogopa mimi?" Munire, ungemwona. Akajitazama mikono yake kama anayetafuta kinachotisha. Kisha akauliza, "Basi wewe ni mama wa nani?"

Nikamwambia, "Si wa mtu."

Akashuka kwenye kibao. Hakulia. Alikibeba kile kibao kwa mikono miwili, akavaa viatu, akaenda karakana kwa Hilmi, na akaketi huko mpaka magharibi. Nilibaki na tambi. Zilinikaukia mezani, tumezitupa.

Siku tatu hakuniita kwa jina lolote. Akitaka maji anasema "wewe". Alilala na Hilmi, mimi nimelala sebuleni kando ya jiko, nikisikia anavyogeuka. Nilijua nastahili, nami nikanyamaza, maana ningelia angenihurumia, na huruma yake ningekuwa nimeiiba pia.

Siku ya nne nilitoa kurasa zako sandukuni, nikamwambia hizi ni zako, mama yako alikuandikia, mimi nilizificha. Akakaa akanipa mgongo, akasema, "Soma." Nikasoma zote. Nilipofika kwa paka na ndoo, mabega yake yakatikisika, halafu akakumbuka kwamba amekasirika akatulia. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nimezisoma mara tatu. Sauti imenikauka.

Leo asubuhi theluji imeanguka, ya kwanza. Imefunika geti na banda na ule mti wa jozi. Tulitoka sote uani. Alikula ya kwenye ukuta, akamtupia Hilmi ya shingoni, akanitupia na mimi moja. Ilinipiga mdomoni. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kupigwa.

Kisha akaingia ndani, akanivuta kwa aproni mpaka mezani.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Andika 'mama'. Yule wa Ujerumani. Andika theluji imeanguka, na aje kabla haijayeyuka."

Nikamwambia hii itayeyuka na nyingine itaanguka na nayo itayeyuka, mama yako haji mpaka mwisho wa Februari.

"Wewe andika tu," akasema.

Nimeandika.

Shangazi yake Ipek,
Nazmiye